Viatu Nilivyovipaka Mafuta ya Kondoo

Chebet wangu,

Salamu sitaandika, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukibishana na mama yako juu ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Yeye anataka kiende nawe mpaka Ulaya, wewe unasema kitanukia meli nzima. Pole sana. Mimi nimeishi na mwanamke huyo miaka ishirini na sita na sijamshinda hata mara moja.

Mvua ya saa nane imefika kwa wakati wake kama kawaida. Kiwandani wamenipa ruhusa ya nusu siku, kwa hiyo nimekaa hapa kwenye benchi langu la kazi, chini ya bati, na kalamu niliyoazima kwa karani. Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika pale misheni. Kikipsigis changu ni cha mdomo, na jambo ninalotaka kukuambia, mdomo umelikataa kwa miaka minne.

Mambo ya sweta, ya dawa ya kutapika melini, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia na kesho alfajiri atakuambia tena mpaka lori la chai liondoke kwenda steshoni Lumbwa. Hayo nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu. Siku ile ulipoanguka Nairobi ukavunjika mguu, aliyekuangusha ni mimi.

Haya. Nimeliandika. Nimelitazama kwenye karatasi, na bati halijaniangukia.

Sasa nipe nafasi nieleze tangu mwanzo, polepole, na usiruke mistari. Ninakujua, hata hadithi za gogo, bibi yako, ulikuwa unataka mwisho kwanza.

Kazi yangu unaijua, lakini nitaitaja kama mtu anayejieleza mbele ya wazee, kwa sababu bila hiyo kazi kosa langu halieleweki. Pale kiwandani kuna injini moja, na injini hiyo inazungusha chuma kirefu kilicho juu darini. Kutoka kwenye chuma hicho inashuka mikanda ya ngozi, na mikanda ndiyo inayozungusha mashine za kukunja majani ya chai. Mkanda ukikatika, mashine inalala, na majani yaliyochumwa na akina mama tangu alfajiri yanaharibika. Mimi ndiye mtu wa mikanda. Ninaishona, ninaikata, na zaidi ya yote ninaipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Ngozi isiyopakwa mafuta inakauka, ikikauka inapasuka. Kopo langu la mafuta haliniachi. Mwingine anasafiri na tumbaku yake, mimi ninasafiri na kopo. Harufu yake unaijua tangu ukiwa mgongoni.

Tena kwetu, mafuta si ya mashine tu. Ngozi ya kulalia inapakwa, mtoto mchanga anapakwa kichwani, bibi arusi anapakwa. Kitu usichokipenda hukipaki mafuta.

Ulikuwa na miaka minane mama yako alipoanza kufua nguo nyumbani kwa injinia wa kiwanda, na wewe ukawa unamfuata. Bibi wa injinia alikuwa amecheza densi kwao kwenye majumba makubwa, ile densi ya kusimama kwenye ncha za vidole ambayo Wazungu wanaiita bale. Sisi tulimwita Memsabu Vidole. Kila Jumamosi alifundisha watoto wa Wazungu wa mashamba ya karibu barazani kwake, na wewe kazi yako ilikuwa kuzungusha mkono wa gramofoni. Unazungusha, unarudi nyuma ya nguzo, unatazama. Mpaka siku moja mtoto mmoja wa wageni akawa mgonjwa, na Memsabu, akitafuta mtu wa kusimama mahali pake ili wengine wasigongane, akakuita wewe. Ukafanya yote, mwanzo hadi mwisho, bila viatu.

Habari sikuipata kwako. Niliipata kwa nyapara wa wachumaji, mbele ya watu, tukiwa tunapima majani.

"Arap Mutai," akaniambia, "hiyo mtoto yako iko na nini? Nimeona yeye anatembea na kidole kama korongo ametafuta panzi."

Watu walicheka mpaka mizani ikatikisika. Nami ni mtu wa hasira, hilo pia unalijua. Nilirudi nyumbani nikakukuta na jozi ya viatu vyekundu vya zamani ambavyo Memsabu alikupa, umevivaa, umeshika mlango kwa mkono mmoja. Nikakwambia binti yangu hatainua mguu mbele ya watu. Nikakuvua. Nikaenda navyo kiwandani kwenye tanuri ya kukaushia chai, nikafungua mlango wa chuma, nikavitupa juu ya kuni. Ulikuwa umenifuata. Ulisimama pale nyuma yangu bila kulia, ukatazama moto mpaka nilipofunga mlango. Wafanyakazi wote wa zamu ile waliona.

Jumamosi iliyofuata ulicheza miguu mitupu tena. Mama yako aliponiambia kwamba maji uliyooshea miguu yalikuwa na damu, nilimwambia afunge mdomo. Nilisema hivyo, Chebet. Sijasahau.

Kilichonigeuza hakikuwa maneno ya mtu. Niliitwa kwa injinia kushona kiti chake cha ngozi, nikakaa na sindano yangu pembeni ya baraza ile, na wewe ulikuwa pale na Memsabu. Ulikuwa unarudia kitu kimoja: kuzunguka mara moja na kusimama. Unakosea kidogo, yeye anasema, "Hapana. Tena." Unazunguka tena. "Mbaya. Tena." Nilihesabu mpaka thelathini nikapotea. Kila mara mguu ulirekebishwa upana wa ukucha. Mimi ninaweza kumaliza asubuhi nzima nikisogeza mkanda mmoja upana wa ukucha mpaka ukae katikati ya gurudumu lake, na watu wakipita wanadhani ninacheza. Nikaacha kushona. Nilikuwa nimedhani ule ni mchezo, kumbe ni kazi, na mtoto wangu alikuwa fundi kuliko mimi. Niliona haya, lakini haya yenyewe sikukuonyesha. Nilichofanya ni kuacha kukukataza, nikafikiri hiyo inatosha kuwa msamaha.

Haikutosha. Baba akinyamaza, mtoto anajaza mwenyewe kile alichonyamazia, na mara nyingi anajaza kibaya zaidi. Hilo nimelijua nikiwa na mvi.

Basi ukaendelea. Ukacheza klabu za mashamba, ukiingilia mlango wa jikoni na kutokea mlango wa jikoni, na hao hao waliokuwekea mlango wa jikoni wakasimama kukupigia makofi. Ukacheza Nakuru kwenye maonyesho. Picha yako ikatoka gazetini, na mwenye duka mmoja wa Sotik akaikata akaibandika juu ya magunia ya sukari. Shangazi yako wa Longisa akatembea kutwa nzima kwenda kuiona, akarudi akasema picha ni nzuri lakini umekonda. Madereva wa malori wakapita Kapkatet wakitaja Chebet wa Vidole kama wanataja timu ya mpira. Nami nikiulizwa, "Ni binti yako?" nilikuwa najibu, "Ndiyo," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeazima kitu na hajakirudisha. Maana nilikuwa sijawahi kukuona ukicheza kwenye jukwaa hata siku moja. Klabu hizo hazikuwa na mahali pa mtu kama mimi kukaa.

Ndipo ukaitwa Nairobi, kwenye jumba kubwa, kucheza peke yako mbele ya watu waliokuja kutoka Ulaya kukutazama. Ulituma neno: "Baba aje." Nikapata barua ya ruhusa kutoka kwa injinia, nikapanda lori na asali ya mama yako na kopo langu.

Nilikukuta kwa yule binamu yangu wa Pumwani. Viatu vilikuwa vipya, vimeletwa kwa meli kwa ajili ya siku ile: juu kitambaa cha kung'aa, chini kipande cha ngozi kidogo. Ulinionyesha. Ukasema, "Baba, vimekauka hivi viatu. Vinaniuma." Ukaenda kuoga.

Nilivishika mkononi. Chebet, ngozi yake ilikuwa kavu kweli. Nikakumbuka vile vyekundu. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta neno la kukuambia juu ya vile vyekundu na sikulipata. Maneno sikuwa nayo, lakini mafuta nilikuwa nayo. Nikafungua kopo. Nikapaka soli zote mbili kwa kidole gumba, taratibu, nikaviweka juani dirishani mpaka ngozi ikanywa, nikapaka tena. Halafu nikavifuta na kuvirudisha kwenye karatasi yake. Nilijisikia vizuri sana. Nilisema moyoni, atakapocheza leo, baba yake atakuwa chini ya miguu yake.

Sikukuambia. Nilitaka uhisi mwenyewe.

Pale kwenye jumba, mtu wa rangi yangu hakuwa na tikiti. Mfagiaji, mzee Wekesa, alinikuta nimesimama kwenye mlango wa nyuma na asali yangu, akauliza ninatafuta nani, nikamwambia. Akanishika mkono. "Baba ya Chebet anasimama nje namna gani? Kuja hapa ndani. Wewe kaa kwa kiti yangu, lakini usikohoe." Akanikalisha nyuma ya pazia, mahali ambapo ningeweza kukuona upande.

Na kutoka pale kwenye kiti niliona sanduku dogo la mbao sakafuni. Wachezaji walikuwa wanakuja mmoja mmoja wanakanyaga ndani yake kabla ya kwenda jukwaani. Ndani kulikuwa na unga wa manjano. Nilinusa. Ulikuwa utomvu wa mti wa msindano uliosagwa, ule ule ninaoutumia kiwandani. Mkanda ukizidi mafuta unateleza kwenye gurudumu, na dawa yake ni unga huo, ili ushike.

Nikaelewa yote mara moja. Watu hawa walikuwa wanatafuta viatu vishike, na mimi nilikuwa nimevifanya viteleze. Mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kujua mafuta yanapozidi, nilikuwa nimepaka mara mbili.

Ukaja. Ukakanyaga sanduku, mguu huu na huu. Nikaona unga ulivyogandamana kwenye soli kama ugali mbichi. Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nilikuwa na muda wa kusema, "Chebet, ngoja." Maneno mawili. Lakini kulikuwa na Wazungu wamesimama pale, na Wekesa alikuwa ameniambia nisikohoe, na niliona haya, na nikajiambia labda haitakuwa kitu. Ukapita.

Ulicheza. Kwa muda wa kuchemsha chai nilimwona binti yangu akicheza, na hilo hakuna mtu atakayeninyang'anya. Halafu ukazunguka, ukataka kusimama, mguu wa kushoto ukakimbia. Nilisikia mfupa. Nilikuwa karibu kiasi hicho.

Walisema ni sakafu. Walisema mfagiaji amezidisha nta. Mzee Wekesa alifukuzwa saa ile ile, mbele yangu, huku akiapa kwamba hajapaka nta wiki nzima, nami nilikuwa nimesimama kando ya kiti chake na asali mkononi. Sikusema kitu.

Utauliza kwa nini. Nilijiuliza usiku mwingi. Jibu ni tanuri. Kiwanda kizima kiliniona nikichoma viatu vyako vya kwanza. Nani angeamini kwamba mtu yule yule amepaka mafuta vile vya pili kwa mapenzi? Mama yako? Memsabu? Niliogopa hasa kwamba wewe hutaamini. Nikaona afadhali nikupoteze kidogo kidogo kwa kunyamaza kuliko kukupoteza siku moja kwa kusema. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu nimemlea mpaka akaota meno.

Ukarudi nyumbani na plasta mpaka gotini. Daktari alisema utatembea, lakini kusimama kwa kidole basi. Nilikutengenezea magongo, nikayazungushia ngozi mahali pa kwapa. Na unakumbuka, ngozi ile sikuipaka mafuta. Uliniuliza kwa nini inakukwaruza, nikatoka nje.

Nilingoja ulie. Badala yake siku ya mvua, akina mama wachumaji wakiwa wamejikinga hapa barazani kwetu, ukaanza kumwiga nyapara. Umekaa kwenye kiti, mguu umewekwa juu ya debe, na bado nyapara alikuwa pale, tumbo lake na filimbi yake. Kisha Memsabu: "Hapana! Mbaya! Tena!" Kisha ukaniiga mimi nimeinamia mkanda, nimetega sikio kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Nilisimama mlangoni, nikacheka mpaka nikashika nguzo. Mama mmoja akasema, "Huyu mguu yake imevunjika lakini hiyo roho bado inaruka." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Msemo huo nimeusikia tangu utoto, lakini siku ile niliuona kwa macho.

Yaliyofuata ni yako, huhitaji nikusimulie: michezo ya kuigiza kwenye kumbi za mashamba, halafu redio, mpaka watu wakawa wanakaa kimya Jumapili kusikiliza sauti yako ikitoka kwenye sanduku. Halafu wale watu wa sinema wakaja wakakuchukua, na sasa ndio wanaokuita Ulaya. Kila ulipopanda ngazi nilifurahi, na kila nilipofurahi kuna kitu kilinifinya, kwa sababu nilijua ngazi yenyewe ilijengwa na nini.

Sasa nikueleze jambo ambalo mama yako amekuficha kwa heshima yangu. Mwezi wa tatu gari la sinema lilikuja hapa, likatundika shuka jeupe uwanjani, wakaonyesha ile picha yako. Kambi zote zilikuja. Tukakuona mkubwa kama nyumba. Ikafika pale unapokimbia juu ya mawe na kuanguka. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule kuanguka ulikurudia mara kumi na moja mpaka wakaridhika. Nilijua ni uongo wa sinema. Lakini nilipoona mguu wa kushoto unakimbia, nilisimama katikati ya watu elfu nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Chebet, ngoja!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nyapara, yule yule, akasema, "Arap Mutai, hiyo ni kitambaa tu! Kaa chini!" Nikakaa. Mama yako alinishika goti wala hakucheka. Maneno yangu mawili yalikuwa yametoka, yamechelewa miaka minne, mbele ya shuka.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda Nairobi kumtafuta mzee Wekesa. Nilijua nilivyomwacha, sikujua kama yu hai. Niliuliza kwenye lile jumba, na mtu wa mlangoni akanielekeza ndani. Ndani! Alikuwa anafagia jukwaa. Amezeeka, lakini ufagio ni wake.

Nilianza kumwambia. Sikufika mbali. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Wewe ni baba ya Chebet. Mimi nakumbuka asali. Hiyo maneno si iliisha zamani? Binti yako alikuja hapa na magongo ya hospitali, hata mwezi ilikuwa haijaisha. Alisema kwa mkubwa: huyu mzee hana makosa, mimi mwenyewe nilipaka viatu mafuta, nilikuwa sijui. Mkubwa akamtukana sana. Akamwita mshamba, akasema amejivunja mwenyewe na ujinga yake. Yeye akasimama tu. Halafu mimi nikarudishiwa kazi. Kwani ni nani alipaka?"

Nikamwambia ni mimi. Akaushika tena ufagio, mwanangu. Alikuwa na haki ya kunipiga na ufagio, nami nilikuwa nimejiandaa.

"Basi," akasema, "wewe uko na mtoto." Akanipa kiti chake nikae, kile kile.

Kwa hiyo ulijua. Hospitalini umelala, viatu vile kitandani, uliinusa harufu ya kopo la baba yako na ukajua. Ulijua ulipokuwa unanitania barazani. Ulijua ulipouliza kwa nini ngozi ya magongo inakukwaruza. Ukabeba ujinga ambao si wako, Memsabu akarudi kwao akiamini mwanafunzi wake bora alijivunja kwa upumbavu, na wewe hukumsahihisha. Nilirudi na lori usiku kucha nikiwa mwepesi kama mtu aliyetolewa jino. Nilicheka peke yangu, nikalia, dereva akauliza kama nimekunywa.

Lakini ufahamu huo ulinibakishia swali moja. Ulijua nani. Je, ulijua kwa nini? Mtoto anaweza kumficha baba aliyekosea, na mtoto mwema anaweza kumficha hata baba aliyekusudia. Miaka yote hii umenisitiri kama mjinga, au kama adui? Ndiyo maana ninaandika. Mficha uchi hazai. Sikukusudia, Chebet. Nilivipaka kwa sababu nilikupenda na sikuwa na njia nyingine ya kusema. Kosa langu si mafuta. Kosa langu ni zile hatua nne nilizonyamaza, na saa ile niliyomwacha Wekesa aondoke.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ndogo, ya Memsabu Vidole. Umesema atakupokea bandarini huko Ulaya. Mpe mkononi. Nimemwandikia kwamba mwanafunzi wake hajawahi kupaka kiatu mafuta maishani mwake, na kwamba mshamba alikuwa fundi wa mikanda wa bwana wake. Usiisome. Au isome, najua utaisoma.

Mawaidha sina. Nilikuwa nimefikiri barua ya namna hii lazima iwe nayo, nikakaa hapa nikiyatafuta mpaka wino ukataka kukauka. Ninachoweza kusema ni kwamba ukimkosea mtu huko, mwambie kabla hajapita, hata kama kuna watu wamesimama. Na ukiona haya, sema hivyo hivyo ukiona haya. Inauma kidogo tu. Mimi nimejaribu leo.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitaka kutia sahihi, ukatoka.

Umesimama hapa mbele ya benchi, umeshika vile viatu vyako vipya vya safari, vya ngozi nyeusi, vya baridi. Nimefunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi anayeiba mtihani. Hukuuliza ninaandika nini. Umeviweka mbele yangu, kando ya kopo, ukasema:

"Baba, hii ngozi yake ni kavu. Nipakie mafuta. Na usininyime, paka vizuri."

Kisha ukarudi ndani kuendelea na vita vya kibuyu.

Nimekaa navyo mapajani. Mvua imekatika, kule bondeni wanapiga filimbi ya kupima majani. Nimelia, nitakuambia wazi, nimelia kama mtoto, na ninashukuru bati lilikuwa bado linadondoka, kwa hiyo mama yako hakusikia. Mtu anayemdhania baba yake mabaya hampi viatu vyake vya safari. Swali langu umelijibu kabla hujalisoma.

Barua hii ninaikunja niitie ndani ya kiatu cha kushoto. Hutaweza kukivaa bila kuitoa.

Nimevipaka, mama. Nimepaka vizuri, mara mbili, vimekunywa. Juu tu. Soli sikuzigusa.

Baba yako